Flavonoidi za mimea na ngozi inayozeeka: maswali tunayoulizwa kila mara Mombasa

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaokuja kununua krimu, wanaopiga simu, na wanaotuma picha ya chupa wakitaka kujua kama yaliyoandikwa juu yake ni ya kweli. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine yanatosha kwa ndiyo au la.

Flavonoidi ni kitu gani hasa?

Ni kemikali ambazo mmea hujitengenezea wenyewe. Wanasayansi wameshatambua zaidi ya 6,000, na zote zimejengwa juu ya kiunzi kimoja cha atomi 15 za kaboni. Baadhi ndizo rangi unazoziona kwa macho: wekundu wa choya, uzambarau wa ganda la biringanya. Nyingine huzioni, lakini zimejaa kwenye ganda la tunda na tabaka la juu la jani, zikinyonya miale ya urujuanimno kabla haijapenya ndani. Mchicha hauwezi kuhamia kivulini saa sita mchana. Kinga yake iko humo humo kwenye jani. Ndipo watafiti wakaanza kujiuliza kama kinga hiyo inaweza kumfaa na anayeula.

Si vitamini. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata kwa kazi iliyohusu vitamini C, alipendekeza ziitwe vitamini P. Jina halikudumu, kwa kuwa haukupatikana ugonjwa unaompata mtu kwa kuzikosa. Ukiona mtu anakuuzia "vitamini P" leo, jua anakuuzia jina lililokwisha kuachwa.

Ngozi huzeekaje, na flavonoidi zinaingilia wapi?

Kuna kuzeeka kwa umri, ambako hakuna anayekukwepa. Ukishavuka ujana, ngozi hupoteza takriban asilimia 1 ya kolajeni, protini inayoishikilia isilegee, kila mwaka, na kwa wanawake kasi hiyo hupanda sana miaka michache ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Halafu kuna kuzeeka kwa kuletewa, na mletaji mkuu ni jua. Miale ya urujuanimno aina ya UVB huishia tabaka la juu na ndiyo inayochoma. Ya UVA huzama mpaka tabaka la chini, kwenye kolajeni yenyewe.

Kolajeni ni kama kamba za kitanda cha mwakisu: zikiwa zimekazwa, juu kunanyooka, zikilegea, kunabonyea. Miale ikifika huko chini huzalisha oksijeni kali zinazoshambulia kila zinachokutana nacho. Seli zikishtuka hutoa vimeng'enya vinavyozikata kamba hizo. Mwili hukarabati, lakini mtu anayekaa juani kila siku hukatiwa kwa kasi kuliko anavyokarabatiwa. Moshi wa sigara huamsha vimeng'enya hivyo hivyo, ndiyo maana uso wa mvutaji hujulikana.

Flavonoidi zinaweza kugusa hatua kadhaa za safari hiyo: hunyonya sehemu ya miale, hutuliza oksijeni kali, na hupunguza ile amri inayoita vimeng'enya. Kwenye seli za maabara na kwa panya, haya yameonekana mara nyingi. Kwa watu, hadithi ni nyingine, na tunaifikia hapo chini.

Mimi ni mweusi. Jua linanihusu?

Linakuhusu, ila si kwa namna linavyomhusu mtalii aliyelala mchangani Nyali. Utafiti wa zamani wa Marekani uliokadiria kinga ya asili ya ngozi uliipa ngozi nyeusi SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya takriban 13, na nyeupe 3 na kidogo. Hiyo ni melanini, rangi ya asili ya ngozi, inafanya kazi. Lakini Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na kwenye kipimo cha miale ya urujuanimno, ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri watu wajikinge kuanzia 3, mchana wetu mara nyingi hupita 11.

Kwa ngozi nyeusi alama ya kwanza si makunyanzi. Ni mabaka: mashavu na paji la uso kuwa meusi zaidi ya shingo, rangi kutolingana, alama za chunusi kukataa kuondoka. Makunyanzi huja baadaye sana kuliko kwa wazungu, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba jua haliwafanyi kitu.

Kioo cha gari nacho hakizuii UVA yote. Mwaka 2012 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28: upande wa kushoto wa uso wake, ulioelekea dirishani, ulikuwa umekunjamana kupita kiasi, na wa kulia ukiwa wa kawaida. Kwetu usukani uko kulia. Madereva wa matatu, angalieni shavu lenu la kulia.

Je, kuna ushahidi kwa binadamu?

Upo, ila ni wa wastani na haukubaliani wenyewe kwa wenyewe. Tuutazame, kwa sababu hapa ndipo matangazo yanapochuma.

Mwaka 2006 Ujerumani, wanawake 24 waligawanywa makundi mawili wakanywa kakao kila siku. Kundi moja lilipata miligramu 326 za flavanoli, flavonoidi za kakao, lingine 27 tu. Baada ya wiki 12, wekundu unaoletwa na taa ya urujuanimno ulikuwa umepungua kwa asilimia 25 kwa kundi la kwanza, na ngozi yao ilishika unyevu zaidi. Mwaka 2016 Korea Kusini walijaribu kwa wanawake 64, miligramu 320 kwa siku kwa wiki 24, na waliokunywa kakao yenyewe walipata nafuu ya makunyanzi na ngozi kuvutika vizuri kuliko waliopewa kinywaji bandia, kinachofanana nacho lakini hakina flavanoli. Chai ya kijani nayo ilijaribiwa Ujerumani mwaka 2011, wanawake 60, zaidi ya miligramu 1,400 za katekini, flavonoidi za chai, kwa siku, na matokeo yakafanana na yale ya kakao.

Kufikia hapo mtu anaweza kukimbilia dukani. Subiri. Mwaka 2009 Marekani, wanawake 56 walimeza vidonge vya chai ya kijani au vidonge bandia kwa miaka miwili mizima, na mwishoni hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Mwaka 2015 Uingereza, watu 50 walipewa katekini zaidi ya miligramu 1,000 pamoja na vitamini C kwa wiki 12, na ngozi zao zikawa nyekundu chini ya taa sawasawa na za wenzao waliopewa vidonge bandia.

Kwa hiyo tukiulizwa, jibu letu ni hili: flavonoidi kutoka kwenye chakula huenda zikaipunguzia ngozi mzigo wa jua kidogo, kwa mtu anayezila kila siku kwa miezi. Haziondoi makunyanzi yaliyokwisha kuingia. Na ukumbuke majaribio mengi haya ni madogo, na ya Ulaya yalifanywa kwa watu wa ngozi nyeupe, kwa sababu wekundu huonekana kwao kwa urahisi. Anayekuambia "imethibitishwa kwa ngozi ya Kiafrika" muulize imethibitishwa wapi.

Basi ninywe kakao kwa wingi?

Si ile uliyonayo kabatini. Kakao nyingi za kopo hutiwa alkali ili zipungue uchungu na rangi ikolee, na alkali hiyo huua sehemu kubwa ya flavanoli. Chokoleti ya maziwa ndiyo kabisa: sukari nyingi, kakao kidogo. Na sukari ikizidi kwenye damu hushikana na kolajeni ikaifanya ngumu, kwa hiyo unajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Chai yetu je? Ya maziwa au mkandaa?

Swali hili tunalipenda, maana sehemu kubwa ya chai ya Kenya, pamoja na ya majirani, hunadiwa papa hapa Mombasa, na bado watu hununua chai ya kijani ya pakiti kutoka ng'ambo kwa bei ya kuumiza.

Chai nyeusi na ya kijani ni mmea mmoja. Majani ya chai nyeusi huachwa yapigwe na hewa baada ya kusagwa, na katekini nyingi hugeuka kuwa misombo mingine, ile inayoipa rangi ya hudhurungi na ukali wake. Misombo hiyo nayo ni jamii ya polifenoli, familia kubwa ya kemikali za mimea ambamo flavonoidi zimo, na si bure, ila majaribio ya ngozi tuliyoyataja yalitumia ya kijani. Kuna pia chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa chai wa Kenya mwaka 2011, ambayo majani yake yana antosianini, flavonoidi zenye rangi, kwa wingi. Inapatikana madukani. Ikikupendeza kinywani, kunywa.

Kuhusu maziwa, utafiti umegawanyika. Mmoja wa mwaka 1998 uliona katekini zinaingia kwenye damu vilevile hata maziwa yakiwemo. Mwingine wa Berlin mwaka 2007 uliona maziwa yanafuta faida ya chai kwenye mishipa ya damu. Sisi tunasema kunywa unavyopenda, lakini vikombe viwili vitatu vya mkandaa wenye iliki na tangawizi, sukari ukiipunguza, ni mazoea mazuri kuliko chai ya maziwa yenye vijiko vinne.

Tahadhari moja kubwa: usiinywe pamoja na chakula. Chai huzuia madini ya chuma yatokayo kwenye mboga na nafaka yasiingie mwilini. Mahamri kwa mbaazi na chai juu yake ni raha, tunajua, lakini mama mjamzito au mwenye upungufu wa damu aiache chai mpaka saa moja ipite.

Ni vyakula gani vya hapa vyenye flavonoidi?

Vingi, na karibu vyote viko soko la Kongowea asubuhi.

Anza na kitunguu chekundu, kwa sababu hakuna nyumba isiyokuwa nacho. Kina kwesetini, flavonoidi mojawapo, na ya kitunguu huingia mwilini vizuri kuliko ya vyakula vingine vingi. Kwesetini hiyo imerundikana nje: ukimenya, vua ganda kavu tu. Ile tabaka ya kwanza yenye nyama, ambayo wengi huitupa kwa kuwa ni ngumu kidogo, ndiyo yenye nyingi kuliko moyo wa kitunguu. Kachumbari ya kila siku ni dawa tosha hapo, na usiioshe kwa chumvi mpaka ikawa nyeupe.

Mboga za majani zinafuata: sukuma wiki, kisamvu, na zaidi mzunze, ambao bara na Tanzania huuita mlonge. Kuna watu wananunua unga wa mzunze kwenye kopo lenye picha ya mzungu, na mti wenyewe umesimama uani kwa jirani Kisauni. Chuma majani, pika kwa nazi.

Chungwa lina mambo. Hesperidini, flavonoidi yake kuu, iko zaidi kwenye ule weupe wa chini ya ganda na kwenye ngozi za vipande kuliko kwenye maji. Muuza machungwa wa barabarani hulizungusha chungwa kwenye kisu akavua ule ukijani mwembamba tu na kuacha weupe. Ukinyonya maji na kutupa makapi, umetupa sehemu kubwa ya ulichokuwa ukikitafuta. Kula lote.

Choya, zambarau za msimu na biringanya, bila kulimenya, zina antosianini. Kunde na mbaazi zina kiasi chake kwenye maganda. Juisi ya ukwaju ni nzuri na tunaipenda, ila ile ya barabarani mara nyingi ni sukari iliyoonjeshwa ukwaju.

Mabuyu mekundu je?

Wekundu ule ni rangi ya dukani, mashahidi ni vidole vyako na ulimi. Unga mweupe wa ubuyu wenyewe, kabla haujaingia kwenye sufuria ya sukari, una vitamini C nyingi, na mwili hauwezi kutengeneza kolajeni bila vitamini C. Koroga unga huo kwenye maji au uji.

Kupika kunaziua?

Kidogo. Nyingi huyeyukia kwenye maji kuliko kufa. Ukichemsha mboga na kumwaga maji, umemwaga nazo. Ukila na mchuzi wake, umezipata.

Seramu iliyoandikwa "flavonoidi" ina thamani ya pesa yake?

Mara nyingi hapana, na sababu ni za kikemia kabla hazijawa za kibiashara. Ngozi imeumbwa kuzuia vitu visiingie. Molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupita kwa shida sana. Kwesetini ina 302, kwa hiyo kwa uzito ingepita, lakini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na seramu nyingi ni maji. Katekini kuu ya chai ya kijani huyeyuka, ila ikipigwa na hewa na joto huharibika na kuwa kahawia. Fikiria chupa hiyo imekaa kwenye dirisha la duka Mombasa mwezi wa Februari.

Mwaka 2005 Marekani walijaribu krimu yenye asilimia 10 ya chai ya kijani pamoja na vidonge, kwa wanawake 40, wiki 8. Kwa macho hakukuwa na tofauti na waliopewa bandia. Chini ya darubini, nyuzi za ngozi zilikuwa bora kidogo. Yaani kitu kinatokea, lakini kioo chako hakitakuambia.

Ukiamua kununua, geuza chupa usome orodha. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ikiwa mmea unaotajwa kwa herufi kubwa mbele uko mkiani mwa orodha, baada ya manukato, rudisha chupa mahali pake.

Liwa, manjano na singo, bibi zetu walikuwa wanakosea?

Hawakukosea, ila si kwa sababu ya flavonoidi. Singo husugua seli zilizokufa, na ile nuru anayokuwa nayo bibi harusi kesho yake inatoka hapo kwa sehemu kubwa. Liwa iliyosagwa juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi hupoza na kunukia. Kitu cha njano ndani ya manjano kinaitwa kukumini, ni jamaa wa mbali wa flavonoidi lakini si mmoja wao. Paka, furahia. Jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio kama ngozi yako ni ya kuwasha, na usisugue kama unaparuza sufuria.

Nipake ndimu usoni? Si ina flavonoidi?

La, la, la. Ndimu na limau zina pia kemikali zinazoitwa furanokumarini, na zikikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, huunguza: malengelenge, halafu doa jeusi linalodumu wiki au miezi. Tunaona watu waliojipaka kutibu doa dogo wakabaki na ramani. Ndimu ni ya samaki na kachumbari.

Vidonge vya kwesetini au chai ya kijani vina madhara?

Chakula hakina shida. Vidonge ndivyo vya kuangalia. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba miligramu 800 na zaidi za katekini kuu ya chai ya kijani kwa siku, kwa njia ya vidonge, zinahusiana na dalili za ini kuumia. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, za presha au za kolesteroli, muulize daktari au mfamasia kabla ya kumeza chochote cha "asili". Wanaotumia dawa hizo waulize pia kuhusu balungi: tunda hilo hupandisha kiwango cha baadhi ya dawa hizo kwenye damu hadi pakawa na hatari.

Nikila haya yote, naweza kuacha krimu ya kukinga jua?

Hapana. Hata majaribio yaliyofaulu zaidi yalipunguza wekundu kwa robo tu. Krimu ya SPF 30 ikipakwa vya kutosha huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB. Mwavuli, mtandio, kofia ya ukili, na kusimama upande wa kivuli ukingoja feri Likoni, vyote vinaishinda seramu yoyote. Kwa wenye mabaka, tafuta krimu yenye rangi ya ngozi iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa sababu mwanga wa kawaida nao huchochea mabaka.

Nimejichubua miaka mingi. Flavonoidi zitarudisha ngozi yangu?

Peke yake, hapana, dada yangu, na cha kwanza si kuongeza kitu bali kuacha. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Kenya, lakini zingali zinauzwa kichochoroni. Krimu zenye steroidi huikondesha ngozi mpaka mishipa ikaonekana, na huko ndiko kuzeeka kwenyewe. Usikatishe steroidi ghafla bila kumwona daktari wa ngozi, maana uso unaweza kuwaka na kuvimba. Hatutakuhukumu ukija kuuliza.

Mwanangu ana ualbino. Vyakula hivi vitamsaidia?

Kwa afya, ndiyo. Kwa jua, visihesabiwe kabisa. Anahitaji nguo ndefu, kofia pana na krimu ya jua kila siku tangu utotoni. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa krimu hizo watu wenye ualbino kupitia hospitali. Ulizia hospitali ya serikali iliyo karibu nawe jinsi ya kumsajili.

Nina doa linalobadilika. Nijaribu mafuta ya mzunze kwanza?

Usijaribu chochote. Doa linalokua, linalobadilika rangi au umbo, linalotoa damu, au kidonda kisichopona kwa mwezi, ni la daktari. Kwa watu weusi, saratani ya ngozi aina ya melanoma hupenda kujificha pasipopigwa na jua: wayo, kiganja, chini ya ukucha. Ile iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia kwenye kidole cha mguu. Vua viatu, tazama nyayo zako kwenye mwanga mzuri, na kama kuna mstari mweusi mpya chini ya ukucha usiokumbuka kuugonga, nenda kliniki ya ngozi wiki hii.